Kabla ya Kusimama, Gitaa la Umeme Lilikuwa Linalazwa Mapajani

Ni usiku, mwaka 1903 au karibu na hapo, kwenye kituo kidogo cha treni cha Tutwiler, jimbo la Mississippi, Marekani. Treni imechelewa masaa tisa. Kiongozi mmoja wa bendi, mtu wa kusoma noti na kuvaa vizuri, amesubiri mpaka usingizi umemchukua. Anapozinduka, pembeni yake amekaa jamaa mweusi, mwembamba, nguo zimechakaa, vidole vya miguu vinachungulia nje ya viatu. Jamaa ana gitaa, ila halipigi kama wengine. Hakandamizi nyuzi kwa vidole. Ameshika kisu, anakitelezesha juu ya nyuzi, na gitaa linalia kama mtu.

Huyo kiongozi wa bendi ni W.C. Handy, ambaye baadaye alikuja kuitwa baba wa bluzi. Usiku ule aliusimulia kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1941, karibu miaka arobaini baada ya tukio. Alikumbuka viatu. Alikumbuka kisu. Alikumbuka hata wimbo ulihusu nini: mahali ambapo reli mbili zinakatana. Jina la mpigaji halimo. Bluzi ikapata baba, ikapata kitabu, na yule mwenye kisu akabaki kuwa "jamaa mmoja" mpaka leo.

Watu wa aina hiyo wamejaa kwenye historia ya gitaa la kuteleza, kile ambacho wapigaji wanakiita slaidi. Kila hatua ina mtu aliyechukua gitaa lake la kawaida, akalibadilisha kwa kitu alichokuwa nacho mfukoni, akaondoka bila kuandikwa. Na ukifuatilia hatua hizo unafika sehemu ambayo haitegemewi. Hili gitaa la umeme ambalo kila bendi inalo, ambalo leo mtu anatafuta fundi amgeuzie liwe la slaidi, lenyewe lilitokana na gitaa la slaidi.

Waya, misumari miwili na ukuta wa nyumba

Kwanza swali la msingi: kwa nini mtu mwenye vidole kumi vizima aende kuchukua kisu?

Shingo ya gitaa ina freti, vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kwa kukatisha. Ukibonyeza uzi, freti ndiyo inayoamua sauti. Ni kama ngazi: upo kidato cha tatu au cha nne, katikati hakuna pa kusimama. Sauti ya binadamu haiendi hivyo. Anayesikiliza taarab anajua, mwimbaji haruki kutoka sauti moja hadi nyingine, anateleza, na fidla inamfuata kwa sababu fidla haina freti. Ukiweka kitu kigumu juu ya uzi bila kuubonyeza mpaka ufike kwenye mbao, ngazi inageuka mteremko. Unaweza kusimama popote, hata kwenye zile sauti zilizojificha katikati ya freti ambazo bluzi inazipenda sana.

Kule Mississippi watoto wengi weusi walilijua hilo kabla ya kumiliki gitaa. Walichomoa waya kwenye ufagio, wakaupigilia misumari miwili kwenye ukuta wa mbao wa nyumba, wakasukumiza chupa chini ya waya ili uinuke na kukaza. Mkono mmoja unadonoa, mwingine unatelezesha chupa nyingine. Nyumba nzima inakuwa sanduku la sauti, na mama ndani anakosa raha. Chombo hicho kinaitwa diddley bow. Watafiti wa muziki wanakihusisha na vinanda vya uzi mmoja vya watoto wa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, ambapo mtoto mmoja anapiga uzi kwa vijiti na mwenzake anatelezesha kitu juu yake. Yaani huenda mbinu yenyewe ilivuka bahari ndani ya vichwa vya watu waliovushwa bila hiari yao, bila hata uzi mmoja mkononi.

Kwa hiyo jamaa wa Tutwiler, alipopata gitaa la nyuzi sita, alilifanya liwe kama ule waya wa ukutani, ila mara sita.

Kijana wa Hawaii na kipande cha chuma

Upande wa pili wa dunia, katikati ya bahari ya Pasifiki, kulikuwa na stori nyingine inayokwenda sambamba.

Magitaa yalifika Hawaii miaka ya 1830 pamoja na wachunga ng'ombe kutoka Mexico, walioitwa kuwafundisha wenyeji kazi ya mifugo. Wahawaii hawakuyaacha kama yalivyokuja. Walilegeza baadhi ya nyuzi mpaka gitaa likiguswa tu, bila kubonyezwa popote, linatoa kodi kamili (kodi ya muziki, siyo ile ya TRA). Hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kisu au chuma ni kitu kilichonyooka, hakiwezi kubonyeza uzi huu hapa na ule pale kama vidole. Nyuzi zikishakubaliana zenyewe kwa zenyewe, chuma kimoja kilichonyooka kinatosha kubeba kodi nzima kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Jina linalotajwa sana hapo ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 kijiji cha Lāʻie. Stori maarufu inasema akiwa kijana, miaka ya 1880, alikuwa anatembea kwenye reli na gitaa lake, akaokota boliti, ikagusa nyuzi, ikatoa mlio ambao hakuutegemea. Wengine wanasema kilikuwa kitana, wengine kisu. Kinachojulikana ni kwamba akiwa mwanafunzi wa shule ya wavulana ya Kamehameha, Honolulu, aliifanyia kazi: akatengeneza kipande cha chuma kinachokaa vizuri mkononi, akainua nyuzi juu ili chuma kisigonge freti, akalaza gitaa mapajani. Wapo wanaodai haikuwa yeye wa kwanza, na wanamtaja baharia kijana mzaliwa wa India, Gabriel Davion, aliyekuwa anatelezesha kitu kwenye nyuzi kabla yake. Mjadala huo hautaisha leo. Lakini Kekuku ndiye aliyekaa miaka na ile mbinu mpaka ikawa kitu cha kufundishika, na hiyo ni kazi tofauti na kuokota boliti.

Na angalia kipindi chenyewe. Mwaka 1893 utawala wa malkia wa Hawaii ulipinduliwa, mwaka 1898 visiwa vikachukuliwa na Marekani. Mwaka 1904 Kekuku akaondoka kwenda kupiga muziki bara. Wahawaii walikuwa wanapoteza nchi wakati uleule ambapo sauti yao inaingia kwenye kila sebule ya Marekani. Mwaka 1912 mchezo wa jukwaani wa The Bird of Paradise uliwapeleka wapigaji wa Hawaii Broadway. Mwaka 1915 banda la Hawaii kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco lilimaliza kazi. Baada ya hapo kila mtu alitaka gitaa la Kihawaii, hata asiyeweza kuionyesha Hawaii kwenye ramani.

Hapo ndipo kikazaliwa kifaa ambacho mpaka leo kinauzwa. Wengi tayari walikuwa na gitaa la kawaida nyumbani, na hawakuwa na hela ya la pili. Wafanyabiashara wakatoa kipande cha chuma chenye mifereji sita, kinachopachikwa juu ya lile daraja dogo la mfupa lililopo pale shingo inapokutana na kichwa. Unalegeza nyuzi, unakipachika, unakaza. Nyuzi zinapanda karibu sentimita moja, freti zinabaki chini kama alama tu za barabarani, na gitaa la kawaida limeshakuwa la Kihawaii kwa dakika kumi. Aliyekibuni wa kwanza? Jina lake halimo midomoni mwa wapigaji. Linganisha na idadi ya watu waliojifunzia gitaa juu ya kile kichuma.

Lugha yenyewe ikabadilika. Kwenye vitabu vya matangazo vya wauza magitaa kukawa na aina mbili: la Kihawaii, la kulaza, na la "Kihispania", la kusimamisha kifuani. Gitaa ambalo leo linaitwa gitaa, basi, enzi hizo lilihitaji jina la pili ili mteja ajue siyo lile maarufu.

Kikaango

Tatizo la wapigaji wa Kihawaii lilikuwa moja: sauti ndogo. Ukikaa na bendi yenye tarumbeta na ngoma, gitaa la mapajani linamezwa. George Beauchamp, mpigaji wa Los Angeles ambaye mwenyewe alikuwa analaza gitaa mapajani, alihangaika na hilo kwa miaka. Kwanza alishirikiana na fundi John Dopyera, wakatoa magitaa ya National yenye masahani ya alumini ndani, yanayotetemeka kama spika. Yalisaidia, ila hayakutosha.

Kisha akageukia umeme. Uzi wa chuma ukitetemeka karibu na sumaku iliyozungukwa na koili ya waya, unazalisha mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo ukipelekwa kwenye amplifaya unarudi kuwa sauti. Kifaa hicho wapigaji wanakiita pikapu (haibebi matofali). Mwaka 1931 mfano wa kwanza ulichongwa kwa mbao. Mwaka 1932 Beauchamp na mwenzake Adolph Rickenbacker wakaanza kuuza gitaa la alumini, duara dogo lenye shingo ndefu. Watu walipoliona wakalipa jina la jikoni: kikaango.

Hilo ndilo gitaa la kwanza la umeme lililouzwa likashika soko, na lilikuwa la slaidi. Halikuwa na namna ya kulipiga likiwa limesimama hata kama ungetaka, kwa sababu lilijengwa kwa ajili ya chuma na mapaja tu. Lilikuwa na visirani vyake pia. Alumini inatanuka ikipata joto, kwa hiyo chini ya taa za jukwaani linatoka kwenye tyuni katikati ya onyesho. Na hataza yake ilichukua muda mrefu: maombi ya mwaka 1934 yalikubaliwa mwaka 1937, wakati washindani wameshaingia sokoni na vya kwao.

Joseph Kekuku alifariki New Jersey mwaka huohuo wa 1932, mwanzoni kabisa. Kikaango kilipoanza kusikika kila mahali, yeye hakuwepo.

Kampuni nyingine zikafuata njia ileile. Gibson nayo ilianza umeme na gitaa la kulaza, na ilipotoa la kusimamisha mwaka 1936 ikaliita ES-150. Herufi hizo bado zimechapwa kwenye magitaa ya bei mbaya mpaka leo, na wengi wanaoyashika hawajawahi kujiuliza. E ni umeme, S ni Kihispania, yaani "siyo la Kihawaii". Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, alianza miaka ya 1940 kwa kutengeneza magitaa ya kulaza na amplifaya zake. Pikapu ya nyuma ya lile gitaa lake la mwaka 1950, lililokuja kuitwa Telecaster, ilitokana na kazi aliyokwisha kuifanya kwenye magitaa hayo ya mapajani. Kwa hiyo mtu akichukua Telecaster leo akaigeuza kuwa ya slaidi, anairudisha kwao.

Weusi wakafika mjini

Wakati Wahawaii na wazungu wa California wanajenga vyombo vipya, watu weusi wa Mississippi walikuwa wanapanda treni kwenda kaskazini kutafuta kazi, na kule walikuta mitaa yenye kelele.

Muddy Waters alifika Chicago mwaka 1943 na mbinu ya chupa aliyokuja nayo kutoka mashambani. Kwenye klabu za pale gitaa la sanduku halisikiki, watu wanaongea, glasi zinagongana, ni fujo. Akahamia umeme. Hakuchukua la kulaza. Alichukua la kusimama, akavaa slaidi kidoleni, na mwaka 1948 akarekodi I Can't Be Satisfied. Ukiisikiliza, unasikia mkono wa shambani umechomekwa kwenye soketi ya ukutani.

Elmore James ndiye wa kusimama naye kidogo. Kule Canton, Mississippi, alifanya kazi kwenye duka la kutengeneza redio la ndugu yake wa kulelewa pamoja, kwa hiyo waya, valvu na spika vilikuwa vitu vya kila siku. Gitaa analoshika kwenye picha zake maarufu ni la sanduku la kawaida aina ya Kay, amelifungia pikapu juu. Agosti 1951 alirekodi Dust My Broom kwa mtindo huo, na ile milio ya mwanzo imekopiwa na karibu kila mtu aliyewahi kuvaa slaidi. Hakusubiri kiwanda kimtengenezee. Alikuwa na gitaa la kawaida, bisibisi, na akili ya fundi redio.

Mwaka 1968 kijana mwingine, Duane Allman, alikuwa anaumwa mafua siku ya kuzaliwa kwake. Mdogo wake akamletea santuri ya Taj Mahal na kichupa cha dawa aina ya Coricidin. Duane akamwaga vidonge, akavaa kichupa kidoleni, akaanza kujifunza juu ya gitaa lake la umeme la kawaida. Alifariki mwaka 1971 akiwa na miaka 24. Vichupa vya mfano wa kile bado vinatengenezwa na kuuzwa kama vifaa vya muziki, bila dawa ndani. Lowell George wa kundi la Little Feat yeye alitumia soketi ya kufungulia plagi za gari, ile ya kwenye boksi la spana. Hakuna cha ajabu hapo. Ni kisu cha Tutwiler kilekile, kimebadilika sura tu.

Sauti ilivyofika huku

Afrika Mashariki iliisikia slaidi mapema kuliko wengi wanavyodhani, ila kwa milango ya nyuma.

Mlango wa kwanza ni santuri. Mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933, alirekodi baadhi ya nyimbo zake na wapigaji wa gitaa la Kihawaii. Santuri zake zilifika mpaka kwa Wakipsigis, huko bonde la ufa nchini Kenya, na jina lake likageuka kuwa Chemirocha. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwakuta Kapkatet wasichana wanaimba kuhusu kiumbe huyo, nusu mtu nusu swala. Mtu kafa miaka 17, na huku amekuwa hadithi.

Mlango wa pili ni sinema. Wapigaji wa Hawaii walizunguka Asia, na miaka ya 1940 mmoja wao, Tau Moe, aliishi Calcutta na familia yake. India ikalipokea lile gitaa kwa mikono miwili, kwa sababu muziki wake nao unapenda kuteleza. Gitaa la Kihawaii likaingia kwenye nyimbo za filamu. Na filamu za Kihindi ndizo zilizojaza majumba ya sinema ya Unguja, Dar na Mombasa, na taarab ikaazima melodia zake. Kuna mabibi wa pwani waliolisikia gitaa la slaidi kwa miaka bila kuambiwa linaitwaje. India haikuishia kusikiliza. Vishwa Mohan Bhatt alilifanyia gitaa upasuaji mkubwa, akaliongezea nyuzi za mwangwi, akaliita Mohan Veena, na mwaka 1994 akachukua Grammy pamoja na Ry Cooder, mpigaji slaidi wa California.

Mlango wa tatu ni Kongo. Nico Kasanda, yule Docteur Nico ambaye wazee bado wanamtaja kwa heshima baa ikitulia, alipiga pia gitaa la Kihawaii kwenye baadhi ya kazi zake na African Fiesta Sukisa. Rumba ikapata ule mlio mtelezo, halafu solo za vidole zikarudi kuchukua uwanja, na slaidi ikabaki kitu cha wachache.

Jumamosi moja na gitaa moja

Sasa tuseme kuna kijana wa mjini, ana gitaa moja tu la umeme, la mtumba, alilodunduliza hela nusu mwaka. Anataka ule mlio. Lakini Jumapili anapiga kanisani, na kwaya haitaki kusikia habari za Mississippi. Gitaa likiharibika hana lingine. Huyu yupo kwenye nafasi ileile ya wanunuzi wa kile kichuma enzi za Hawaii, na bahati yake ni kwamba njia waliyoitumia haihitaji kutoboa wala kuchonga chochote.

Ana njia mbili. Ya kwanza ni ya Elmore na Duane, gitaa linabaki limesimama. Hapo anainua nyuzi kidogo tu kwa skrubu za daraja la chini, kwa spana ndogo ya L. Akizidisha, hawezi tena kubonyeza kwa vidole. Asipoinua kabisa, slaidi inagonga freti na kutoa kelele za sufuria. Kuna kiasi katikati, na kinapatikana kwa kuinua, kujaribu, kuinua tena.

Ya pili ni ya Kekuku, kulaza mapajani. Hiyo ndiyo inayohitaji kichuma cha kupachika kule juu. Kina faida ambayo watu wanaisahau. Shingo za magitaa mengi ya umeme zina mgongo uliobinuka kidogo, na nyuzi zinafuata ule mbinuko, za katikati zipo juu kuliko za pembeni. Vidole havijali. Chuma kilichonyooka kinajali sana: kitagusa za katikati na kuziacha za pembeni. Kichuma cha kupachika kimenyooka, kwa hiyo kinaziweka zote usawa mmoja upande wa juu. Upande wa chini anasawazisha kwa zile skrubu za daraja, uzi mmoja mmoja. Nyuzi zikiwa mbali na pikapu sauti inapungua, basi anainua na pikapu kwa bisibisi.

Kutyuni ndiko kunakovunja mioyo. Tyuni ya D, aliyoitumia Elmore, inalegeza: uzi wa sita, wa pili na wa kwanza zinashuka hatua nzima, wa tatu nusu hatua. Shingo inapumua, lakini nyuzi nyembamba za kawaida zinakuwa kama kamba za kuanikia nguo, na chuma kikikaa juu zinazama. Tyuni ya E, aliyoitumia Duane, inakaza: wa tano na wa nne zinapanda hatua nzima, wa tatu nusu. Mlio unakuwa mkali na msafi, ila shingo inavutwa zaidi. Wapigaji wa slaidi wanapenda nyuzi nene, seti inayoanza na 12 au 13 badala ya 9 au 10, kisha wanatumia D. Kwa huyu wa kanisani, ambaye hataki kubadilisha nyuzi kila wiki, E juu ya nyuzi zake za kila siku inamtosha kujifunzia. Asiache gitaa limekazwa hivyo mwezi mzima.

Gitaa lenye mkono wa kutikisia, lile ambalo daraja lake linaelea kwa springi, lina kituko chake. Ukikaza uzi mmoja, daraja linainama na nyingine zote zinalegea, unazunguka na vitasa mpaka unachoka. Dawa yake ni kibao kidogo kinachosukumizwa nyuma, kwenye uwazi wa springi, daraja likatulia.

Slaidi yenyewe haina gharama. Bomba la shaba la fundi bomba, likatwe na kupigwa msasa ncha zote. Kichupa kinene. Soketi ya fundi magari. Kioo kinatoa mlio laini, chuma kinang'ata. Kwa kulaza mapajani anahitaji kitu kizito cha kushika, si cha kuvaa.

Halafu inakuja kazi ambayo hakuna kifaa kinachoifanya. Mtu aliyezoea kubonyeza anaweka kidole nyuma ya freti. Slaidi inasimama juu ya freti yenyewe, kabisa, na ikipungua au kuzidi milimita mbili sikio linakataa. Kidole cha nyuma ya chuma kinalala juu ya nyuzi kuzima milio isiyotakiwa, na kiganja cha kulia kinazima nyuzi zisizopigwa. Asipofanya hivyo anapata ile kelele ya paka wawili juu ya bati. Majirani watagonga ukuta. Wiki ya pili itakuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu sikio litakuwa limeshajua kosa na mkono haujajua dawa.

Jumamosi usiku analegeza nyuzi, anachomoa kichuma, anashusha daraja na pikapu mpaka kwenye alama aliyoiweka kwa penseli kabla hajaanza, anatyuni upya. Jumapili asubuhi gitaa limesimama kifuani, kwaya inaanza, na kwenye mbao zake hakuna tundu hata moja.